Toeni Vitambaa Kwenye Hizo Kompyuta

Kama umewahi kufundisha shule ya kanisa huku kwetu, chumba nachokisema unakijua. Kina mlango wa chuma na kufuli mbili, ufunguo mmoja uko kwa mkuu wa shule mwingine kwa mhasibu, ndani kompyuta zimepangwa mistari na kila moja imefunikwa kitambaa cheupe cha kudarizi ambacho akina mama wa usharika wamekishona kwa upendo wote, ukutani kuna picha ya siku ya uzinduzi, askofu kashika mkasi, wageni kutoka Ulaya wanatabasamu, kwaya ya watoto wamevaa majoho. Ukiuliza kinatumika lini utaambiwa kuna kipindi, Jumatano sijui Alhamisi, ila mwalimu wake kaenda kusahihisha mitihani. Na hapo mjadala wa teknolojia unaishia. Maabara ya kompyuta ipo, imeandikwa kwenye fomu za kujiunga, wazazi wameiona siku ya kuleta watoto, basi.

Mimi nafundisha Fizikia na Hisabati kwenye shule moja ya bweni ya kanisa, Nyanda za Juu Kusini, mchanganyiko wavulana na wasichana. Jina la shule naliacha, maana nataka kuendelea kula mshahara. Nimekaa hapa muda wa kutosha kuona vitambaa vikiwekwa na vikitolewa, na ninachotaka kusema ni kimoja tu japo nitazunguka sana kabla sijamaliza: mashine hazikumfundisha mtu chochote hapa kwetu mpaka zilipotoka kwenye chumba chao zikaingia kwenye vipindi vya kawaida, Biolojia, Jiografia, dini, hadi shambani na jikoni, mpaka ikafika mahali hakuna mtoto anayezishangaa.

Kompyuta za kwanza zilitoka Ujerumani. Usharika rafiki walizikusanya huko maofisini kwao zikaja kwenye kontena pamoja na baiskeli na nguo. Nia njema kabisa, sibezi hata kidogo. Sasa kibodi ya Kijerumani ina mambo yake, Z na Y zimebadilishana nafasi, na fundi wa mjini aliyekuja kuziwasha akaweka Windows ya Kiingereza akaondoka zake, kwa hiyo ukibonyeza palipoandikwa Z inatoka Y na ukibonyeza Y inatoka Z. Mwaka mmoja ratiba ya ibada ya Krismasi ilichapwa na kutolewa kopi usiku wa kuamkia siku yenyewe, watu wameshika karatasi kanisani zimeandikwa "Zesu ameyaliwa". Nakala zote. Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani, lakini jamani, ile kitu inarekebishwa kwenye mipangilio ndani ya dakika moja tu, na ilikaa vile miaka kwa sababu hakuna aliyethubutu kugusa, zisije zikaharibika, tutawaambia nini wafadhili. Watoto walijifunza kitu kimoja kikubwa mle ndani, kwamba kompyuta ni kitu cha kuogopa.

Kilichotuamsha ni corona. Tarehe 17 Machi 2020 serikali ilitangaza kufunga shule na sisi tukawa tumebaki na mabweni matupu na majogoo ya mwalimu wa zamu. Kidato cha sita walirudi Juni 1, wengine wote Juni 29, na katikati pale kila mwalimu alikuwa anapiga picha notsi zake anatuma kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi. Ilionekana kazi inafanyika. Sasa hebu fikiria mzazi yuko Makete ndani huko ana kitochi, au ana simu janja ila ni moja ya familia nzima na baba anasafiri nayo, mtoto anapata nini? Walivyorudi ukasahihisha mazoezi ya kwanza ungejua nani alikuwa Mbeya mjini na nani alikuwa kijijini, bila kuangalia majina. Shule ya kanisa inajisifu kwamba mtoto wa mkulima na mtoto wa mkurugenzi wanakula ugali sahani za aina moja, na ni kweli, ila miezi ile mitatu ilituvua nguo. Maabara yetu yenye kufuli mbili haikumfikia hata mmoja.

Baada ya hapo ndo akatokea kijana wetu mmoja aliyemaliza hapa, yuko chuo anasoma mambo hayo, akaja likizo na kisanduku kidogo kinaingia mfukoni. Raspberry Pi. Kwa wasioijua, ni kompyuta ndogo saizi ya kadi ya benki, zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 2012 kwa dola 35 hivi ili watoto wajifunzie kuandika programu, haina skrini haina kibodi, inakula umeme usiofika wati 15. Ndani yake akaweka Kolibri. Hii Kolibri ni programu ya bure, na historia yake naipenda: vijana wa chuo kikuu cha California pale San Diego mwaka 2012 waliona masomo ya Khan Academy, zile video za bure za kufundishia, yanawafikia tu watu wenye intaneti nzuri, wakatengeneza njia ya kuyashusha yote mara moja na kuyasambaza bila intaneti, ikaitwa KA Lite, na Kolibri ndo iliyokuja baadae mwaka 2017 ikiwa pana zaidi. Yani unajaza masomo kwenye kisanduku ukiwa mjini penye waifai nzuri, unakuja nacho kijijini, kinarusha waifai yake chenyewe, darasa zima linafungua kwenye laptopu au tableti na hakuna hata MB moja ya bando inayoliwa. Akaongezea Kiwix, ambayo ni Wikipedia isiyohitaji mtandao. Wikipedia ya Kiswahili nzima inakaa kwenye flashi ya kawaida na nafasi inabaki, ya Kiingereza yenye picha inataka karibu GB 100, hiyo ikabidi tununue diski.

Mkuu wa shule swali lake la kwanza lilikuwa, "Hicho kinaweza kufungua vitu vichafu?" Haiwezi mkuu, kilichomo ni kile tulichoweka. Akasema basi kiwashwe. Nadhani ndo ulikuwa mkutano mfupi kuliko yote niliyowahi kukaa pale. Na nawaambia walimu wenzangu mnaohangaika kwenye shule za namna hii, msianze na hotuba za karne ya 21, anzeni na hilo swali maana ndilo lililo moyoni mwa kila mkuu, mchungaji na mzazi, na kisanduku kisichogusa mtandao kinalijibu bila filta, bila nywila, bila kumgeuza matroni kuwa polisi.

Sasa darasani inakuwaje. Nichukue umeme, topiki ambayo watoto wengi wanaichukia kwa sababu wanaisoma ubaoni tu. Kuna PhET, hizi ni simulesheni za sayansi kutoka chuo kikuu cha Colorado Boulder, mradi ulianzishwa na Carl Wieman mwaka 2002, yeye mwenyewe alikuwa keshachukua Nobeli ya Fizikia mwaka uliotangulia alafu akaenda kuhangaika na namna ya kufundisha, watu wa hivi nawavulia kofia. Kuna moja ya kuunda saketi, unavuta betri, unavuta waya, unavuta balbu, unaunganisha, balbu inawaka na unaona elektroni zinatembea. Na ukiunganisha vibaya, waya ukaenda moja kwa moja kutoka upande mmoja wa betri hadi mwingine, betri inawaka moto kwenye skrini. Aisee. Dakika kumi za kwanza darasa zima linachoma betri, nawaacha. Wakichoka nauliza, kwa nini imewaka? Hapo unasikia nadharia za kila aina, umeme umekosa pa kwenda, umeme umerudi kwa hasira, mpaka mmoja anasema mwalimu hakuna kitu cha kuuzuia, na huyo ndo ninayemsubiri, kwa sababu kutoka hapo neno rezistansi linaingia lenyewe na kanuni ya Ohm wanaidai wao.

Ila sikuachi hapo. Kipindi kinachofuata tunatoa betri za tochi, nyaya halisi, balbu ndogo, na kila kundi linaunganisha kwa mikono, wanaona balbu yao haiwaki kwa sababu waya una kutu, kitu ambacho skrini haikuwaambia. Kwenye skrini waya siku zote ni msafi. Mtihani wa praktiko wa Baraza la Mitihani, NECTA, hauna panya wa kubofya, mtoto anakabidhiwa mita na waya anatetemeka nazo, na maisha pia yako hivyo hivyo. Kuna shule nimesikia zimeanza kuona simulesheni kama sababu ya kutonunua vifaa vya maabara. Hao mimi siwaelewi.

Jambo lingine ambalo watu wa nje hawalioni ni lugha. Mtoto wangu wa kidato cha kwanza ametoka kusoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, Januari anaingia anakuta kila kitu Kiingereza, alafu mimi namwekea video ya Mmarekani anayeongea haraka kama anakimbizwa. Anaangalia rangi tu. Tulipoanza walimu wengi walikuwa wanawasha video inachezwa mwanzo mwisho wanakaa nyuma wanasahihisha madaftari, na matokeo yake darasa linakuwa kimya, kimya kile cha watu waliokaa stendi. Kilichofanya kazi ni kitufe cha kusimamisha. Sekunde arobaini, simamisha, amesema nini huyu? Mtoto anajibu kwa Kiswahili, mwingine anamsahihisha, mmoja anajaribu kukirudisha kwenye Kiingereza, tunaandika ubaoni, tunaendelea. Video ya dakika sita inakula kipindi kizima na huo ndo utamu wake, kwa sababu mwalimu wa kwenye video hachoki kurudia na hakasiriki, na mimi nimebaki na kazi anayoshindwa yeye, ya kumwangalia mtoto usoni nijue kapotelea wapi. Vya Kiswahili vikiwepo navitumia bila aibu, na vitabu vya Taasisi ya Elimu vilivyopo kwenye maktaba yao ya mtandaoni nao tumevishusha, maana nakala za karatasi hazijawahi kutosha, watoto watano kitabu kimoja na yule wa pembeni kabisa anasoma kichwa chini.

Na kushirikiana mashine kuna siasa yake. Ukiweka watoto wanne kwenye laptopu moja bila kusema chochote, mvulana mmoja anashika kipanya mpaka kengele inagonga, wasichana wanakuwa makatibu wa kuandika majibu. Mwalimu mwenzangu wa Biolojia, mama mmoja hachekeshwi na mtu, aliliona kabla yetu akaweka sheria: mwenye kipanya haongei. Yani aliyeshika anafanya tu anachoambiwa na wenzake, na kila swali kipanya kinahama kwenda kulia. Sheria ya maneno matatu imefanya kazi kuliko semina zote za jinsia nilizokaa nikala biskuti. Ghafla yule binti aliyekuwa anaandika kimya ndo anatoa maelekezo, na yule bingwa wa kubofya inabidi asikilize.

Nikija kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote, wala hakina cha kutisha, ni majedwali ya kompyuta. Hapa shuleni tuna kipima mvua nyuma ya maktaba, kipo tangu enzi za wamisionari, na kulikuwa na daftari ambalo mtu wa zamu alipaswa kuandika kila asubuhi na hakuwahi kuandika. Mwalimu wa Jiografia aliwapa kazi kidato cha pili, kila siku saa tatu asubuhi mmoja anasoma milimita anaingiza kwenye laptopu, mwisho wa mwezi darasa linachora grafu. Mimi wa Hisabati nikadandia hapo hapo, wastani, wastani wa kati, takwimu zote nazifundishia mvua yao wenyewe badala ya zile alama za mtihani za wanafunzi wa kwenye kitabu ambao hakuna anayewajua. Alafu meneja wa shamba akaanza kuja kuuliza mvua imefika ngapi wiki hii kabla hajaamua kupanda mahindi. Mzee yule hajawahi kuingia maabara ya kompyuta maisha yake yote na sasa anagonga mlango wa darasa, "Shikamooni walimu, naomba kuona ile chati," anatusalimia shikamoo kwa utani, sisi wadogo zake.

Baada ya mvua wakahamia jikoni. Kilo za unga, maharage, mafuta, sukari, kuni, kila siku, kwa idhini ya mhasibu ambaye mwanzoni alikuwa na mashaka sana, na alikuwa na haki. Watoto wakagawanya kwa idadi ya walaji, wakachora, wakaja na maswali. Mbona sukari inapanda wiki ile na wanafunzi hawajaongezeka? Kumbe ndo wiki ya vikao vya bodi, wageni wanakunywa chai. Grafu ile haikubandikwa ukutani. Lakini angalia kilichotokea, mtoto wa miaka kumi na tano ameona takwimu zinaweza kuuliza wakubwa swali kwa adabu. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akitaka shule na shamba visiwe vitu viwili, na nadhani laptopu iliyojaa vumbi la unga pale stoo ingemfurahisha kuliko ile iliyovaa kitambaa.

Kwenye dini sasa. Watu wanadhani shule ya kanisa teknolojia inaishia kuwekea ibada projekta. Sisi kanisani hatuna skrini. Lilipendekezwa, mchungaji wa shule akakataa, akasema liturgia watoto wanaijua kwa moyo na nyimbo wana vitabu, skrini ya nini, watu watazame ukuta badala ya kutazamana? Mimi wa sayansi nilimuunga mkono. Kwaya ndo imefaidika, mwalimu wa kwaya anarekodi kila sauti peke yake, soprano, alto, tena, besi, akiimba nota za do re mi, anaweka kwenye kisanduku, wanafunzi wanajifunza wenyewe wakati wa prepu ya Jumamosi, wakikutana kazi ni kuunganisha tu. Zamani besi walikuwa wanaubeba wimbo vibaya mpaka Pasaka.

Lakini kipindi chenyewe cha dini, hapo mchungaji amenishangaza. Anachukua meseji zile tunazotumiwa wote, za "tuma kwa watu kumi ndani ya saa moja upate muujiza, usipotuma jambo baya litakupata", anaziweka mbele ya kidato cha tatu. Nani ameandika? Kwa nini watu kumi? Mungu gani anahesabu kufowadi? Watoto wanacheka ila unawaona wanajikuna, mama zao wanatuma hizo kila asubuhi. Siku nyingine aliwauliza ule mstari wa "jisaidie nami nitakusaidia" uko kitabu gani. Mikono ikapaa, Mithali, Zaburi, Yakobo, mmoja akasema Warumi kwa uhakika kabisa. Akasema haya, Biblia iko kwenye kisanduku, itafuteni. Wakatafuta neno kwa neno, wakatafuta kwenye Union, ile tafsiri ya Kiswahili, wakatafuta kwa Kiingereza. Haupo. Haupo popote kwenye Biblia. Darasa lilipigwa butwaa, na habari ikafika mabwenini ikafika hadi kwa walimu, kuna mwalimu mmoja alikwenda kuhakikisha mwenyewe usiku. Mimi nasema kipindi kile kimoja kimefanya kazi ya mwaka mzima, mtoto amejifunza kutafuta kabla ya kuamini, na aliyemfundisha ni mtu wa kola.

Na kanisa kuwa na mashine si mambo mapya, tunasahau tu. Edward Steere wa ile misheni ya Kianglikana alifika Unguja 1864 pamoja na Askofu Tozer, wakawa na mashine ya kuchapa, na vijana waliokombolewa utumwani ndo walifundishwa kupanga herufi za risasi moja moja. Kutoka kwenye shule ile ya misheni mwaka 1888 likatoka gazeti la Msimulizi, Kiswahili kitupu, kabla hata Wajerumani hawajatulia bara. Miaka sabini na tano baadae, Walutheri nao walikuwa na redio kubwa pale Addis Ababa, Sauti ya Injili, ilianza 1963 ikanyang'anywa na Derg, serikali ya kijeshi ya Ethiopia, 1977, vipindi vya Kiswahili vilikuwa vinarekodiwa Moshi. Wazee wetu wa usharika bado wanaimba muziki wa kufungulia vipindi. Kwa hiyo mzazi anaponiambia mwalimu hii mitandao ni ya shetani, simbishii, namuuliza tu Biblia yake ilichapwa na nini.

Ila nisidanganye, wasiwasi wa wazazi haujatoka hewani. Shule yetu kama shule nyingi za bweni hapa nchini hairuhusu simu, ukikamatwa nayo barua ya mzazi inatoka siku hiyo hiyo, na mimi naunga mkono, bweni la watoto mia na kitu wenye simu usiku hakuna patroni anayeliweza. Shida ni kwamba Juni na Desemba wanakwenda nyumbani, na huko simu wanaikuta imelala mezani, na ndani yake kuna kubeti, kuna mikopo ya dakika mbili, kuna picha za uchi, kuna manabii wa kuuza mafuta. Tunamfungia miezi kumi alafu tunamwachia miwili bila maelekezo. Ndo maana wiki ya mwisho kabla ya kufunga tunaweka jioni mbili za kuzungumza, wavulana na mchungaji, wasichana na matroni na yule mama wa Biolojia, bila hotuba, maswali yanaandikwa kwenye vikaratasi visivyo na majina. Maswali yenyewe siyaandiki hapa. Nitasema tu kwamba kubeti kunaongoza upande wa wavulana, na kwamba kuna watoto wanajua riba ya mkopo wa simu wa baba yao.

Jumapili kisanduku kinazimwa, siku nzima. Wazo la mchungaji. Walimu wa mitihani walinung'unika, kidato cha nne wana NECTA Novemba, kila saa ni mali. Kimeendelea kuzimwa. Mchana wanacheza mpira, wanasukana, wanalala chini ya mikaratusi, na Jumatatu wanarudi wana hamu.

Akili mnemba nayo imefika, isingekosa. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na likizo chache baadae holide pakeji zikaanza kurudi zimeandikwa Kiingereza cha profesa wa Oxford, na mtoto huyo huyo darasani hajui kutofautisha masi na uzito. Adhabu hazikusaidia. Nilichofanya ni kupunguza urefu wa pakeji na kuongeza mdomo, unaniletea majibu yako, sawa, njoo hapa mbele chagua swali moja unifundishe. Aliyetumia mashine akaelewa anafundisha vizuri tu na sina ugomvi naye. Aliyenakili anaonekana kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Na tuwe wakweli, walimu tumeipokea kwa furaha kuliko wanafunzi, maazimio ya kazi na maandalio ya masomo ambayo wathibiti ubora wanayataka kila wakija siku hizi yanatoka yamenyooka ajabu. Kuna andalio moja la Jiografia lilipita ofisini limeandikwa wanafunzi watatoka nje kuchunguza theluji iliyoyeyuka. Huku kwetu baridi ya Juni inatoa barafu kwenye majani alfajiri, lakini theluji, mwalimu?

Vinavyotuumiza ni vitu vya kawaida kabisa. Radi za huku hazina mchezo, msimu mmoja tu wa mvua ulipita na ruta mbili na projekta, sasa mawingu yakikusanyika kuna mwanafunzi wa zamu kazi yake ni kuchomoa nyaya zote ukutani. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulitukuta hatuna betri, darasa linaanza simulesheni umeme unakata, mita ya LUKU ina yuniti kibao na hakuna cha kufanya. Na kubwa zaidi ni walimu. Unamfundisha kijana kutumia Kolibri, anaweza kuona nani kwenye darasa lake amekwama swali la ngapi, anakuwa mzuri kweli, serikali inatangaza ajira, anaondoka, anakwenda shule ambayo pengine haina hata soketi. Simlaumu, mshahara wa shule za kanisa tunaujua. Kwa hiyo tumeacha kumtegemea mwalimu mmoja, tuna mafundi wanafunzi kila kidato, wavulana wawili wasichana wawili, wanaojua kuwasha kisanduku, kuongeza masomo, kusafisha feni za kompyuta kwa brashi ya rangi. Wanaokuja wanafundishwa na wanaoondoka. Funguo za maabara wanazo wao, na mpaka leo hakijapotea hata kipanya.

Bodi inakaa mwezi ujao. Wageni wa usharika rafiki wameandika barua wanauliza tunahitaji kompyuta ngapi safari hii, na kwenye kamati kuna waliokwisha kuandika ishirini, na chumba kipya. Mimi nimeandika betri mbili kubwa za sola, kinga ya radi, vipima mvua vitatu vya shule za msingi za jirani, na posho ya mwalimu mmoja wa kujitolea mwaka mzima. Mhasibu ameshaniambia vitu hivyo havina pa kukatia utepe.